Shajara ya mradi: kupunguza kuvuja kwa simenti ya mfupa kwenye pingili za mgongo, Nairobi

12 Februari 2025. Tunaanza

Mimi ni muuguzi wa thieta katika hospitali moja hapa Nairobi. Upasuaji wa mgongo ukiwa unaendelea, mimi ndiye ninayechanganya simenti ya mfupa na kuijaza kwenye sirinji kabla daktari hajaisukuma ndani ya pingili iliyovunjika. Shajara hii naiandika ili timu ya Kisumu, Mombasa au Eldoret ikitaka kufanya kazi kama hii iweze kufuata njia yetu bila kumwaga pesa tulizomwaga sisi.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe: mgonjwa wetu mara nyingi ni mama mzee ambaye mifupa yake imedhoofika, au mtu mwenye mayeloma, saratani ya uboho. Pingili imebonyea na maumivu hayamwachi alale. Sindano nene, ya geji 11 au 13, hupitishwa mgongoni hadi ndani ya pingili, kisha simenti husukumwa ingali laini, ikagandia humo. Njia hii ilianza Amiens, Ufaransa, mwaka 1984, mikononi mwa Galibert na Deramond.

Shida yetu ni kuvuja. Simenti ikitoka nje ya pingili inaweza kuingia kwenye mfereji wa uti wa mgongo na kubana neva, kuingia kwenye diski, ile gegedu iliyo kati ya pingili na pingili, au kubebwa na mishipa ya damu hadi moyoni na mapafuni. Mara nyingi mgonjwa hahisi chochote. Siku mbaya, anaweza kuamka asiweze kusogeza miguu.

Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili zilizolinganisha tiba hii na upasuaji wa kuigiza usio na simenti, kwa watu wenye mifupa dhaifu. Hazikuona tofauti ya maana katika maumivu. Utafiti wa VAPOUR wa 2016 uliona faida kwa watu wenye maumivu makali ambao mfupa wao ulikuwa umevunjika ndani ya wiki 6 tu. VERTOS IV wa 2018 haukuiona. Ubishi haujaisha. Mimi nasema hivi: kama wakubwa bado wanabishana juu ya faida ya tiba, sisi tunaoitoa hatuna ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani akiwa na hali mbaya kuliko aliyokuja nayo.

5 Machi 2025. Joto

Simenti hii huja kwa sehemu mbili. Unga una polima, kianzishi cha benzoili peroksidi, na bariamu salfeti inayoifanya ionekane kwenye eksirei (aina nyingine hutumia oksidi ya zirkoni). Kimiminika ni monoma: kina harufu kali, kinashika moto upesi na kinapenya glavu za mpira. Navaa glavu mbili na kubadilisha ya juu nikimaliza kuchanganya, na mwenzetu akiwa mjamzito hatumwiti chumbani. Unga na kimiminika vikikutana vinaanza kushikana na kutoa joto, na kasi ya kushikana hufuata joto la mahali. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5833 hupima simenti kwenye nyuzi 23 za Selsiasi. Dakika unazosoma kwenye karatasi ya pakiti zina maana kwa joto lililoandikwa hapo, si kwa thieta yoyote ile.

Nilinunua vipimajoto vitatu vya kidijitali Luthuli Avenue, Sh1,200 kimoja. Cha kwanza nikakiweka kwenye meza ninapochanganyia, cha pili stoo, cha tatu ukutani karibu na swichi ya kiyoyozi. Cha ukutani na cha mezani hawakupatana hata siku moja, kwa sababu meza iko chini kabisa ya tundu la kiyoyozi. Stoo nayo asubuhi ni baridi kuliko thieta, na pakiti zilikuwa zinatoka stoo moja kwa moja hadi mkononi mwangu.

Tulichorekebisha: pakiti sasa inakaa thieta saa 24 kabla ya upasuaji, na joto tunaloandika ni la mezani. Gharama, vipimajoto tu.

28 Machi 2025. Mahali pa kujaribia

Hakuna jambo hata moja tutakalojaribu kwa mara ya kwanza kwenye mwili wa mtu. Tulianza na mifupa ya kiuno cha ng'ombe kutoka soko la Burma, Sh250 kwa kilo. Haikufaa. Ng'ombe anayechinjwa kwa nyama ana mfupa mgumu uliojaa. Simenti ilikataa kuingia, ikarudi nyuma kando ya sindano. Mfupa wa mama wa miaka 78 una nafasi pana ndani na kuta nyembamba, na simenti hupita humo bila kupingwa. Mifupa ya Burma tumeibakiza kwa zoezi la kulenga sindano kwa kutazama eksirei, na kwa hilo ni mizuri sana.

Jaribio la pili lilikuwa lile povu jeupe linalofungia televisheni, ambalo madukani Luthuli hutupwa bure. Monoma ililiyeyusha. Povu lilinywea mbele ya macho yetu, likaacha shimo na harufu iliyotutoa chumbani. Lile povu ni polistirini, na monoma ni kiyeyushi chake. Usilijaribu, wala usichanganyie simenti kwenye chombo cha plastiki hiyo.

Kilichofaa ni sponji ya kuchujia maji ya tangi la samaki, ile yenye matundu yaliyo wazi. Tunaikata vipande, tunailoweka kwenye jelatini ya kupikia ingali vuguvugu, tunaiacha igande ili ishike nafasi ya uboho. Kila kipande kinaingia kwenye kopo la bati lenye tundu mbili, moja la sindano na moja la mrija wa milimita 3 unaotoka katikati ya sponji. Huo ndio mshipa wetu wa damu. Kopo linawekwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisha kwenye beseni la maji la maabara lililowekwa nyuzi 37, jelatini inalegea tena, halafu tunasukuma. Simenti ikionekana kwenye mrija, imevuja. Sponji Sh350, jelatini Sh150, kopo za jikoni bure, beseni la kuazima.

22 Aprili 2025. Sirinji, na kifaa cha Kamukunji

Stoo ilitupatia pakiti za simenti zilizopita muda, tukafurahi kuokoa pesa. Furaha ilikwisha haraka: zilishikana kwa kusuasua, kila moja na mwendo wake, na vipimo vyote vya muda tulivyochukua kwazo tumevifuta. Pakiti iliyopita muda inafaa kuzoeza mikono tu. Kwa vipimo tulilazimika kuomba mpya, na hapo ndipo pesa nyingi za mradi zilikokwenda, maana seti moja ya simenti ya mgongo ni makumi ya maelfu ya shilingi. Ukipanga bajeti, anza na mstari huo.

Sirinji ya mililita 10 haisukumi simenti nzito. Ukiibonyeza kwa nguvu zote, inatoka ile nyepesi, na ikianza kuwa nzito mkono unashindwa. Hapo ndipo kishawishi cha kuiwahi ikiwa nyepesi kinapotoka. Sirinji ya mililita 1, kwa nguvu ileile ya kidole gumba, inatoa shinikizo la takriban mara 9, kwa kuwa tundu lake ni jembamba. Kazi inakuwa ya kujaza sirinji nyingi ndogo mapema na kuzipanga kwa safu. Naona ni kazi yenye thamani.

Tulitaka pia kitu cha kusukuma kwa skrubu, kwa ajili ya benchi tu, yaani majaribio ya nje ya mwili wa mgonjwa. Fundi mmoja wa Kamukunji alitutengenezea kwa Sh2,500, chuma kizuri, akaniambia, "Sista, hii hata gari likipita juu haitapinda." Hakusema uongo, kilichopinda ni sirinji. Tulipoibadilisha na ya ukuta mnene tukaona tatizo kubwa zaidi: ukiacha kuzungusha skrubu, simenti haikomi. Shinikizo lililobaki ndani linaendelea kuisukuma. Mkono unaotaka kusimama mara tu jicho linapoona uvujaji hauwezi kufanya kazi na kifaa cha namna hiyo. Tumekiweka kabatini.

30 Mei 2025. Tone

Hapa ndipo mradi ulipopata uti wake. Tulipofanya majaribio ya benchi kwa joto tofauti, tukisukuma kila mara kwenye dakika ileile, chumba kikiwa baridi simenti ilikimbilia kwenye mrija, na chumba kikiwa na joto ilitanda polepole kuzunguka ncha ya sindano na kubaki humo. Tulipoacha saa na kusukuma kila mara simenti ikiwa nzito kwa kiwango kilekile, tofauti ya baridi na joto ilikaribia kwisha. Jambo hili watafiti wa maabara walilionyesha zamani, kwamba simenti nzito hujaa kwa usawa na nyepesi hutafuta njia ya mshipa. Ila kuliona kwenye kopo lako mwenyewe kunashawishi chumba kizima kuliko karatasi.

Kwa hiyo tunapima kwa tone. Naelekeza sirinji chini juu ya kibakuli na kusukuma kidogo. Simenti ikidondoka, bado. Ikitoka kama uzi unaorefuka na kukatika, bado. Ikitoka na kuning'inia kwenye ncha, ikajikunja juu bila kuanguka, uso wake umepoteza mng'ao, na glavu ikiigusa haivuti nyuzi, hapo nasema kwa sauti, "Tone limening'inia." Kabla ya maneno hayo hakuna anayesukuma, saa iseme inavyosema.

Daktari wetu wa mgongo aliuliza swali la haki: "Na ikikauka kabla sijamaliza?" Nikamjibu, "Daktari, tutakuwa na bomba za kujazia." Hizi ni bomba nyembamba za chuma zinazoshika mililita 1.5 kila moja. Unaijaza, unaipitisha ndani ya sindano kubwa, kisha unasukuma kwa fimbo yake. Simenti nzito ambayo sirinji haiwezi, bomba hii inaiweza, na ukiacha kusukuma inakoma papo hapo. Pia tulikubaliana juu ya kiasi. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa hata takriban mililita 2 tu hutosha kurudisha nguvu ya pingili. Kujaza mpaka picha ipendeze hakumsaidii mgonjwa, na kila tone la ziada linatafuta mlango.

Kamati ya maadili ya hospitali imeridhia. Kadi ya ukutani ina joto la mezani, saa ya kuanza kuchanganya, saa ya tone kuning'inia, mililita kwa kila upande, na picha ya ubavu (eksirei inayopigwa kutoka upande) kabla ya kila msukumo. Simenti ikifika robo ya nyuma ya pingili kwenye picha ya ubavu, tunasimama.

17 Juni 2025. Mgonjwa aliyeondolewa kwenye orodha

Mwanamume wa miaka arobaini na kitu aliletwa na picha ya eksirei yenye pingili iliyobonyea mbele. Barua ilisema mfupa umevunjika. Alikuwa amepangwa kuwekewa simenti.

Mtu wa umri huo hapa kwetu, bila kuanguka, bila saratani inayojulikana, lazima uulize kifua kikuu. Kifua kikuu cha mgongo hupenda kuanzia mbele ya pingili karibu na diski, kisha huvuka hadi pingili ya jirani. Mayeloma kwa kawaida huiacha diski nzima. MRI yake ilionyesha diski iliyoliwa na usaha umekusanyika kwenye msuli kando ya mgongo. Kipande kilichotolewa kwa sindano kilipelekwa kwenye mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa saa kama 2 na kusema pia kama vijidudu vinauawa na rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Vilikuwa vya kifua kikuu, na dawa inafanya kazi. Ameanza dozi na mkanda wa kushikilia mgongo.

Simenti ingefungia ugonjwa ndani ya mfupa, na kuitoa ni upasuaji mkubwa wa kufungua mgongo. Katika yote tuliyofanya mwaka huu, hili ndilo lililozuia madhara makubwa zaidi, na halikuhitaji kifaa chochote kipya cha thieta.

Kanuni mpya: hakuna simenti bila MRI inayoonyesha kwamba mfupa ni mbichi, yaani maji ya uvimbe yamo ndani ya pingili, na kwamba diski ni salama. Penye shaka ya saratani, kipande cha mfupa hutolewa kupitia sindano ileile. Penye shaka ya maambukizi, simenti inasubiri majibu, hata mgonjwa awe ameshafunga kula tangu usiku.

24 Julai 2025. Baridi

Julai ya Nairobi imetupima. Asubuhi thieta ilikuwa chini ya nyuzi 19 mezani, na tone lilichelewa kuning'inia kwa dakika kadhaa kuliko Machi. Kadi ilifanya kazi yake; daktari alisubiri.

Ila kitu kingine kiliharibika. Tuna mazoea ya kuweka kipande cha simenti mezani na kukibonyeza, kikiwa kigumu ndipo sindano inatolewa. Mezani ni nyuzi 19, ndani ya mgonjwa ni 37. Simenti ya ndani imeshakuwa ngumu zamani, ya mezani ingali laini, na tukisubiri ya mezani sindano inanasa. Ilinasa. Ilitoka kwa kuzungushwa polepole, na mgonjwa hakupata dhara, lakini dakika zile zilikuwa ndefu kwa kila mtu mle ndani. Kuitoa mapema mno nako kuna hatari yake: simenti hufuata sindano na kuacha mkia kwenye misuli.

Sasa kipande cha kupimia kinatiwa kwenye kidole cha glavu kilichofungwa, kinazamishwa kwenye bakuli la maji ya chumvi yaliyowekwa nyuzi 37. Fimbo ya ndani ya sindano inarudishwa mpaka mwisho, sindano inazungushwa kila baada ya muda mfupi, na inatoka kipande kikianza kukataa kubonyea. Gharama: glavu moja na bakuli.

4 Septemba 2025. Skani

Tulianza kupiga skani ya CT baada ya kila upasuaji, eneo lile dogo tu ili mgonjwa asipate mionzi ya bure. Uvujaji kwenye daftari letu ukaongezeka. Mkuu wa idara aliuliza kama mradi unatuharibia kazi. Jibu ni kwamba eksirei ya kawaida haioni mengi ambayo CT inayaona, na daftari la mwaka jana lilijazwa kwa eksirei. Kulinganisha mwaka jana na mwaka huu hakufai tena. Anayetaka kuiga mradi huu aanze na CT kabla hajabadilisha chochote kingine, la sivyo hatakuwa na pa kupimia.

CT imetupa pia kitu tulichokihitaji. Uvujaji tunaugawa kwa mpangilio wa mtafiti Yeom: aina B hupita kwenye mshipa wa katikati ya pingili kurudi kwenye mfereji, aina S hupita mishipa ya pembeni kuelekea mishipa mikubwa ya kifua na tumbo, aina C hutoka palipopasuka ukuta wa mfupa. Kati ya picha za CT za mwanzo na za sasa, S ndiyo iliyopungua waziwazi. C haikupungua hata kidogo, kwa sababu ufa ni ufa, simenti iwe nzito namna gani. Dawa yake ni CT ya kabla, kuutafuta ufa na kuweka ncha mbali nao. Kwa B tumeanza kusogeza ncha hadi theluthi ya mbele ya pingili, mbali na ule mshipa wa katikati.

16 Oktoba 2025. Tulipofika

Wagonjwa wengi sasa wanafanyiwa kwa ganzi na dawa kidogo ya kutuliza, wakiwa macho. Wiki hii shosho mmoja alikuwa amelala kifudifudi, mto chini ya kifua, msukumo wa pili ukiendelea, akasema, "Sista, mguu wa kushoto unachoma." Daktari alisimamisha mkono kabla sentensi haijaisha. Kwenye picha ya ubavu kulikuwa na uzi mwembamba unaoanza kurudi nyuma. Tulingoja dakika moja ili simenti iliyomo ijizibe yenyewe, ncha ikasogezwa mbele, na kilichobaki kikaingizwa upande wa pili. Jioni alisogeza vidole vyote vya miguu na akaomba chai. Mgonjwa aliye macho ni kengele ambayo hakuna mashine tuliyo nayo inayoifikia. Daktari wa usingizi naye anatangaza presha na oksijeni kabla ya kila msukumo, maana simenti na mafuta ya uboho yakiingia kwenye damu presha inaweza kuanguka ghafla.

Kila anayetoka sasa anaondoka na rufaa ya matibabu ya mifupa yenyewe: vitamini D, kalsiamu, na dawa za kuzuia mfupa kuliwa. Hili tulipaswa kulidai sote, thieta na kliniki, kwa sababu pingili ya jirani nayo ni dhaifu vilevile.

Kwa anayetaka kuiga: usinakili dakika za mtu, hata zetu. Kila aina ya simenti ina mwendo wake, na ukibadilisha msambazaji rudi kwenye benchi kwa pakiti mpya mbili kabla hujaileta kwa mgonjwa. Kadi ya ukutani nitampa muuguzi yeyote wa thieta atakayeiomba. Januari na Februari, joto likirudi, tutarudia majaribio ya nyuzi 24 na kuendelea, tuone kama tone linaacha muda wa kutosha kujaza pande zote mbili kwa pakiti moja. Muda ukikosa kutosha, tutachanganya pakiti kwa kila upande, na idara imeshaambiwa gharama hiyo inaweza kuja.